Mseto kwa mjamzito: jana mwiko, leo dawa. Kulikoni?

Wifi yangu alinipigia saa mbili usiku, sauti ya mtu aliyejifungia chumbani. Ana mimba ya wiki tisa, ya kwanza. Asubuhi yake alikwenda zahanati na homa, kichwa kinamgonga, akachomwa kidoleni, kipimo kikatoa mistari miwili. Malaria. Akapewa mseto, akaambiwa akameze na chakula. Alipofika nyumbani mama mkwe wake, ambaye ndiye mama yangu mzazi, akaichukua ile karatasi ya vidonge, akaigeuza mbele na nyuma, akaipandisha juu ya kabati.

"Hii inatoa mimba," akamwambia. "Wifi yako alipokuwa na mimba ya yule mkubwa walimpa kwinini. Nesi mwenyewe alisema mseto ni mpaka mwezi wa nne."

Sasa wifi amekaa na homa yake, dawa iko juu ya kabati, na ananiuliza nani muongo: nesi wa leo au nesi wa wakati ule?

Hakuna muongo. Mama hakuzua lolote. Mimba yangu ya kwanza, miaka michache kabla ya korona, nilipewa kwinini kweli, siku saba, mara tatu kwa siku, na mpaka leo nikikumbuka ule uchungu mate yananijaa mdomoni. Masikio yalivuma wiki nzima kana kwamba nimelala karibu na mashine ya kusaga. Ushauri ulikuwa huo. Novemba 2022 Shirika la Afya Duniani likaubadilisha: mjamzito mwenye malaria isiyo kali sasa anaweza kutibiwa kwa mseto hata katika miezi mitatu ya mwanzo. Nchi nazo hubadilisha miongozo yao kila moja kwa wakati wake, kwa hiyo msishangae wajawazito wawili wa mipaka miwili tofauti wakisimuliana mambo mawili tofauti.

Nilimwambia wifi ampe mama simu. Haya yanayofuata ni yale niliyomweleza mama, ila hapa nimeyapanga vizuri zaidi, maana kwenye simu alinikatiza kila baada ya sentensi mbili.

Tuelewane kwanza kwenye majina

Nusu ya mkanganyiko inatoka kwenye neno "dawa ya malaria". Mjamzito anaweza kukutana na dawa tatu zenye jina hilo, na kila moja ina kazi yake.

Mseto, ambao kwenye kadi utauona umeandikwa ALu, ni dawa mbili ndani ya kidonge kimoja: artemeta na lumefantrini. Artemeta hufika kwa kishindo, inaua vimelea wengi kwa muda mfupi, kisha inatoka mwilini. Lumefantrini ni ya mwendo wa pole, inabaki siku kadhaa kumalizia waliojificha. Mtu mzima humeza vidonge vinne kwa mara moja, mara sita, ndani ya siku tatu. Jumla vidonge 24. Hii ni dawa ya kutibu, ya mtu aliyepimwa akaonekana anaumwa.

SP ni habari nyingine. Hivi ni vile vidonge vitatu ambavyo mjamzito hupewa kliniki na kuvimeza palepale mbele ya muuguzi, hata kama haumwi popote. Ni salfadoksini na pirimethamini. Wazee wanaijua kwa jina la Fansidar. Kazi yake kwa mjamzito ni kinga. Huanza mimba ikishatimiza wiki 13 na hurudiwa kwa kuachanisha angalau mwezi mmoja, lengo likiwa dozi tatu au zaidi kabla ya kujifungua. Kwa hiyo mtu akikwambia "mbona mimi nilipewa dawa ya malaria kliniki na nilikuwa mzima", muulize alimeza vidonge vingapi. Akisema vitatu kwa mara moja, ni SP.

Ya tatu ni kwinini, dawa kongwe kuliko zote, iliyokuwa ndiyo tegemeo la miezi mitatu ya mwanzo.

Na hiyo "miezi mitatu ya mwanzo" inahesabiwa tangu siku ya kwanza ya hedhi ya mwisho. Ni kipindi ambacho moyo, mikono, uti wa mgongo na viungo vingine vya mtoto vinaumbwa. Nyumba ikiwa kwenye msingi, kosa dogo la fundi hubaki na nyumba mpaka mwisho. Ikishafika kwenye lipu, kosa lilelile linarekebishika. Ndiyo maana madaktari wanakuwa waoga na dawa yoyote katika wiki hizo.

Kijiwe cha vimelea

Swali la mama lilikuwa la maana: kwa nini tusimwache apumzike, anywe maji mengi, mimba ikikua ndiyo atibiwe? Hapa ndipo lazima tuone malaria inavyomfanyia mjamzito jambo ambalo haimfanyii mtu mwingine.

Kimelea cha malaria huishi ndani ya chembe nyekundu za damu. Chembe ikishaharibika, mwili una mahali pa kuikamata: wengu. Fikiria wengu kama trafiki waliosimama barabarani. Kila chembe inayopita inakaguliwa, mbovu inawekwa pembeni. Kimelea anajua hilo (nasema "anajua" kwa kunogesha tu), kwa hiyo huifanya chembe aliyomo inate kwenye ukuta wa mshipa, isipite kwa trafiki. Kama bodaboda asiye na leseni: haendi barabara kuu, anajibanza kijiweni.

Mwanamke akishika mimba, mwilini kunafunguliwa kijiwe kipya kabisa, kondo la nyuma. Mwaka 1996 watafiti Michal Fried na Patrick Duffy, wakitumia sampuli za wanawake wa Kisumu nchini Kenya, walionyesha kwamba vimelea wanaokaa kwenye kondo wananata kwenye kitu mahususi kilichoko pale, tofauti na pale wanaponata kwa watu wasio wajawazito. Yaani hawa ni vimelea waliovaa sare nyingine.

Ugunduzi huo ulieleza mambo mawili yaliyokuwa yakiwasumbua wakunga. La kwanza: kwa nini mwanamke aliyekulia kwenye mbu, ambaye malaria ilishamzoea, anapigwa vibaya kwenye mimba ya kwanza? Kwa sababu kinga yake imekariri sare za zamani. Hii mpya haijawahi kuiona. Mimba ya pili na ya tatu mwili unakuwa umeshaitambua, na madhara hupungua. La pili: kwa nini mjamzito anaweza kupimwa kidoleni akaonekana hana kitu, huku kondo limejaa? Kwa sababu wahalifu wote wako kijiweni na wewe unakagua barabara kuu.

Mjamzito wa namna hiyo anaweza asiwe na homa hata kidogo. Anachoka tu, damu inapungua, na watu wanamwambia "ndiyo mimba hiyo". Mtoto kule ndani anapata chakula kidogo kupitia kondo lililoziba, anazaliwa na uzito pungufu au kabla ya wakati. Kwa hesabu za Shirika la Afya Duniani, mwaka 2022 mimba takriban milioni 12.7 barani Afrika zilikumbwa na malaria, zaidi ya theluthi moja ya mimba zote katika nchi zenye maambukizi ya wastani hadi makubwa.

Na kuhusu "kusubiri mimba ikue": kwenye mpaka wa Thailand na Myanmar, ambako kituo kimoja cha utafiti kimefuatilia wajawazito kwa miongo kadhaa, matokeo yaliyochapishwa mwaka 2012 yalionyesha kuwa malaria moja tu katika miezi mitatu ya mwanzo, hata isiyo na dalili, iliongeza hatari ya mimba kuharibika karibu mara tatu. Yenye dalili, karibu mara nne. Kinachotoa mimba mara nyingi ni ugonjwa wenyewe. Dawa hubeba lawama kwa sababu ndiyo inayoonekana kwa macho, imeachwa pale juu ya kabati.

Basi kwa nini mseto ulikatazwa?

Kwa sababu ya panya, na kwa sababu ya kovu la zamani.

Kovu kwanza. Mwaka 1957 Ujerumani Magharibi iliingiza sokoni dawa ya usingizi iitwayo thalidomide, ikasifiwa kuwa salama kiasi cha kupewa wajawazito wanaosumbuliwa na kichefuchefu. Ilipoondolewa mwaka 1961 zaidi ya watoto 10,000 duniani walikuwa wamezaliwa na kasoro kubwa, wengi bila mikono au miguu kamili. Marekani ilinusurika kwa kiasi kikubwa kwa sababu ya mwanamama mmoja, Frances Oldham Kelsey, aliyekuwa ndiyo kwanza ameanza kazi kwenye mamlaka ya dawa ya nchi hiyo na akakataa kuipitisha mpaka aletewe ushahidi. Unajua kilichomtia shaka kilitoka wapi? Wakati wa Vita Kuu ya Pili alikuwa Chicago akishughulika na dawa za malaria, na alijionea kwamba sungura mjauzito haivunji kwinini mwilini kama sungura mwingine, na kijusi ndiyo kabisa hakiwezi. Malaria ndiyo iliyomfundisha kwamba dawa salama kwa mama huenda isiwe salama kwa aliyemo tumboni.

Baada ya hapo dunia ya utafiti ikaogopa. Mwaka 1977 Marekani ikatoa mwongozo wa kuwaweka kando wanawake wote wenye uwezo wa kupata mimba kwenye hatua za mwanzo za majaribio ya dawa. Haukuondolewa mpaka 1993. Wajawazito wakaondolewa karibu kila mahali, kwa nia njema kabisa.

Sasa panya. Artemisinini, mama wa artemeta, ilipatikana China katika miaka ya 1970 kupitia kazi ya Tu Youyou, aliyekuja kupewa Nobeli mwaka 2015. Dawa hii huamshwa na chuma kilichomo kwenye damu. Ndiyo siri ya kuua kimelea anayekula damu. Lakini kijusi cha panya nacho, katika siku chache fulani, kinakuwa kinatengeneza chembe zake za kwanza za damu zote kwa mkupuo mmoja. Ukimpa panya mjauzito artemisinini siku hizo, chembe zile zinakufa na kijusi kinakufa nazo. Ushahidi huu haukuwa wa kupuuzwa, na walioandika "kwinini tu, mpaka mwezi wa nne" walifanya kama ambavyo ungefanya wewe.

Walipojaribu kwa tumbili picha ikabadilika kidogo. Chembe za kwanza za damu za tumbili, kama za binadamu, hutengenezwa kwa muda mrefu zaidi, hazitoki kwa mkupuo. Dozi ya siku 12 mfululizo iliua vijusi. Ya siku tatu haikuua. Mseto ni siku tatu. Matumaini yakaanza hapo, ila tumbili si mtu.

Walijuaje, kama hawakumjaribia mtu?

Hapa mama alinyamaza kidogo kisha akasema: "Kwa hiyo wamewajaribia watoto wa watu." Nilimwambia subiri.

Wanawake wengi hawajui kama wana mimba mpaka wiki ya sita, ya saba, ya nane. Katika wiki hizo wanaugua malaria kama kawaida, wanakwenda duka la dawa, wananunua mseto, wanameza. Hakuna aliyewatuma. Kwa miaka yote ambayo mwongozo ulisema "mwiko", maelfu ya wajawazito Afrika walikuwa wanameza mseto kila mwaka, bila mtu kuandika kilichotokea baadaye. Hili ndilo linaloniudhi mimi kuliko lolote kwenye kisa chote hiki. Kuwaweka wajawazito nje ya utafiti hakukuwaepusha na dawa. Kulifanya tu wameze bila daftari.

Kwa hiyo watafiti wakaenda kutafuta daftari. Rufiji, mkoani Pwani, watafiti wa Kitanzania na wenzao waliwafuatilia wajawazito zaidi ya 2,000 mpaka kujifungua, wakawauliza na kukagua kumbukumbu: ulimeza nini, lini? Wakawakuta 172 waliomeza mseto katika miezi mitatu ya mwanzo, na 78 waliomeza kwinini. Matokeo yalichapishwa mwaka 2014. Waliomeza mseto hawakuonyesha ongezeko la mimba kuharibika wala watoto njiti. Waliomeza kwinini walionyesha.

Watu 172 ni wachache. Lakini kazi za namna hiyo zilifanyika pia kwingineko Afrika na Asia, na mwishoni zikaunganishwa kwenye kapu moja lenye mimba 34,178. Humo ndani wakatenganishwa waliotibiwa malaria katika miezi mitatu ya mwanzo kwa dawa inayojulikana. Kati ya waliomeza mseto wa ALu, mimba zilizoharibika, watoto waliozaliwa wamekufa na waliozaliwa na kasoro kubwa, ukijumlisha wote, ilikuwa 4.8 kwa kila 100. Kwa waliomeza kwinini, 9.2 kwa kila 100. Ripoti hiyo ilitoka mwezi uleule ambao Shirika la Afya Duniani lilibadilisha ushauri.

Msomaji makini ataguna: je, kama waliopewa kwinini ndio waliokuwa wagonjwa zaidi? Swali sahihi. Hapa dawa hazikugawiwa kwa kura, kila mwanamke alifika kwenye dawa yake kwa njia yake. Watafiti walirekebisha hesabu kwa kuzingatia umri, mimba ya ngapi na mengineyo, na tofauti ikabaki, lakini kwa ushahidi wa aina hii huwezi kuapa kwamba "kwinini inatoa mimba". Huenda sehemu ya tofauti ni kwamba watu hawamalizi kwinini. Vidonge vya siku saba vinavyokufanya usikie filimbi masikioni, nani anamaliza? Mimi dozi mbili za mwisho nilizitupa chooni, na mama anasikia leo kwa mara ya kwanza. Dawa nusu inaacha malaria nusu, na malaria nusu inatosha kuharibu mimba. Kinachoweza kusemwa ni kwamba yale yaliyoogopwa kwa sababu ya panya hayajaonekana kwa binadamu, na huenda kumpa mjamzito dawa asiyoimaliza kulikuwa na gharama ambayo hakuna aliyekuwa ameihesabu.

Kwa malaria kali, ile ya kuzimia, degedege au kushindwa kukaa, mjadala huu haupo kabisa. Sindano ya artesuneti, ndugu wa karibu wa artemeta, hutolewa katika umri wowote wa mimba, kwa sababu kuchelewa hapo ni kumpoteza mama na mtoto.

"Fansidar ilishakufa, mbona bado wanatupa?"

Hoja hii nimeisikia hata kwa wahudumu. Ina mantiki: Tanzania Bara iliacha kutibu malaria kwa SP na kuhamia kwenye mseto tangu mwisho wa 2006, kwa kuwa vimelea walishakuwa sugu, na mkoa wa Tanga ni miongoni mwa maeneo ambako usugu huo umeonekana kuwa mkubwa. Dawa isiyotibu itakingaje?

Ndiyo maana likafanyika jaribio lenyewe, la kura, na hapa niwaeleze kura ni nini. Ukitaka kujua mbegu ipi ya mahindi ni bora, huwapi wakulima hodari mbegu mpya na wavivu mbegu ya zamani. Unagawa mbegu kwa kurusha shilingi, kila mkulima kwa bahati yake. Mavuno yakitofautiana, utajua ni mbegu, si mkono wa mkulima. Kwenye jaribio la dawa mtafiti hachagui nani apate ipi.

Kati ya 2018 na 2019 wajawazito 4,680 wa Kenya, Malawi na Tanzania waliingia kwenye jaribio la namna hiyo. Kundi moja lilipewa SP kila mwezi. Mengine mawili yalipewa dawa mpya zaidi, mchanganyiko wa dihidroartemisinini na piperakwini, kundi moja likiongezewa antibayotiki. Kila mtu alitegemea dawa mpya ishinde. Na kwenye malaria ilishinda: waliougua walikuwa wachache zaidi. Lakini mimba ziliishaje? Kundi la SP lilipata matokeo mabaya, kama mtoto mdogo kuliko umri wake, njiti au kupoteza mimba, karibu 23 kwa kila 100. Kundi la dawa mpya karibu 28 kwa kila 100.

Isome tena taratibu, maana hata watafiti ilibidi waisome mara mbili. Dawa iliyozuia malaria vizuri zaidi haikutoa watoto wenye afya zaidi. Maelezo yanayopewa uzito ni kwamba salfadoksini ni jamii ya antibayotiki, na huenda inamsaidia mama kwa njia nyingine isiyohusu malaria. Wanaomeza SP huonekana wakiongezeka uzito zaidi wakati wa mimba. Bila jaribio, kuna nchi zingekuwa zimeshatupa SP kwa mantiki safi kabisa na kuwaumiza wajawazito wao.

Mumiani na kondo

Mama alikuwa na la mwisho, akalisema kwa sauti ya chini kana kwamba kuna mtu dirishani. Wale watu wa utafiti wanaokuja na gari, wanachukua damu, na mtu akijifungua wanataka kondo la nyuma. Wanalipeleka wapi?

Sisi wa Pwani tumelelewa na hadithi za mumiani, na sitaki kuzicheka. Mtu mgeni mwenye chupa za damu, anayeandika jina lako kwenye karatasi usiyoielewa, ana kila sababu ya kuogopwa mpaka ajieleze. Kondo nalo kwa wengi wetu lina heshima yake na mahali pake pa kuzikwa. Lakini sasa unajua kwa nini wanalitaka: ndicho kijiwe. Damu ya kidoleni haitoshi kuonyesha kama dawa ilifanya kazi. Wanakata kipande kidogo, wanakitazama kwa darubini kama kuna vimelea. Ukitaka kondo lililobaki likazikwe nyumbani, sema kabla hujajifungua, ni ombi la kawaida.

Utafiti wowote wa kitabibu Tanzania unatakiwa uwe na kibali cha kamati ya maadili, ya kitaifa ikiwa chini ya Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu (NIMR). Na wewe unatakiwa usomewe, kwa Kiswahili unachokielewa, watakachofanya, hatari iliyopo, na kwamba unaweza kukataa au kujitoa siku yoyote bila kunyimwa huduma yako ya kliniki. Hiyo inaitwa ridhaa, na ile sahihi au dole gumba si mkataba wa kukufunga. Waulize: nikipata madhara nani ananitibu? Mtoto mtamfuatilia mpaka lini? Matokeo mtarudi kutuambia? Asiyeweza kujibu hayo, mwambie utafikiria.

Majaribio ya kura kwa wajawazito wa miezi mitatu ya mwanzo yenyewe ndiyo sasa yanaingia uwanjani, na Kenya imo. Kwa hiyo tutaendelea kusikia ushauri ukibadilika.

Ukienda zahanati

Sema kama hedhi imechelewa, hata kama huna uhakika. Hilo kwanza. Sema kama umewahi kuvimba au kubabuka kwa dawa ya salfa, kwa sababu SP ni salfa. Kama unatumia septrini kila siku kwa ajili ya VVU, SP hupewi. Septrini tayari inafanya kazi hiyo na ukichanganya unajizidishia salfa. Vidonge vya kuongeza damu endelea navyo, ila ile foliki asidi ya miligramu 5 inayouzwa madukani inaipunguza nguvu SP. Ya kliniki kwa kawaida ni miligramu 0.4 na haina shida hiyo.

Mseto umezwe na chakula chenye mafuta kidogo, maana lumefantrini haifyonzwi vizuri tumbo likiwa tupu. Maziwa, uji wa karanga, chochote. Dozi ya pili ni saa nane baada ya ya kwanza, zinazofuata kila baada ya saa kumi na mbili. Ukitapika muda mfupi baada ya kumeza, rudi zahanati. Ukipata nafuu siku ya pili, bado vidonge vinane viko kwenye karatasi, na ni vyako.

Tulipomaliza ilikuwa inakaribia saa tatu. Nilisikia kiti kikiburuzwa, kabati likilia, kisha mama akamwambia wifi yangu, bila kuniaga wala kukata simu: "Haya, kaa. Kuna uji wa tui umebaki." Baadaye wifi akanitumia ujumbe. Alikuwa ameweka kengele kwenye simu ya saa kumi na moja alfajiri, lakini haikupata nafasi ya kulia. Mama alishamsimamia mlangoni na kikombe cha maji na vidonge vinne kiganjani, anauliza hiyo SP nayo wanaanza lini. Baada ya wiki nne, nikamjibu.